Mashine imesema 4.1, mwili unasema vingine

Ramadhani moja, baada ya Alasiri, nililetewa mama mtu mzima wa Ngarenaro, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Binti yake kashika mashine ya sukari. "Daktari, ameanza kutetemeka tangu saa nane. Tukampima, ikasoma 4.1. Wewe ulisema afungue ikishuka chini ya 3.9." (Mimi ni tabibu, si daktari, lakini hapa Arusha koti jeupe halibishaniwi.) Nilipompima ilisoma 2.8.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa namba bila kumweleza namba yenyewe ni ya aina gani.

Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka sukari ikiwa chini ya 5.55, vipimo 95 katika 100 visipishane na maabara zaidi ya 0.83. Kwa hiyo 4.1 ya kwenye kioo yaweza kuwa 3.3 ndani ya damu, au 4.9, na mashine ikahesabiwa nzima. Vitano vilivyobaki huweza kwenda mbali zaidi.

Hapo hatujagusa usafi. Mama yule alipimwa akiwa anatoa kokwa za tende za futari! Utamu ulioganda kidoleni huipandisha namba. Aliyetoka kutawadha naye akapima kidole kimelowa, maji huichuja damu. Nawa kwa sabuni, kausha, ndipo utoboe. Stripu nazo zina joto lake la kufanyia kazi. Asubuhi za Julai huku chini ya Meru, soma karatasi yake kwanza.

Muuza nyama akiegemeza kidole kwenye mizani tunamkumbusha Suratul Mutaffifin. Mashine haipunji, mpishano wake unajulikana. Tunaonyamaza ni sisi matabibu na wauzaji, na naona hilo si haki kwa mfungaji. Mgonjwa aambiwe hivi: chini ya 3.9, fungua. Kati ya 3.9 na 5, pima tena ndani ya saa moja. Kutoboa kidole hakubatilishi swaumu kwa kauli ya wanazuoni wengi. Ukitetemeka, ukitokwa jasho au ukichanganyikiwa, fungua, hata kioo kiseme nini. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqarah, aya ya 184.

Mama alikunywa maji ya sukari, akatulia. Swali lake la kwanza lilikuwa kama siku ile atailipa au atatoa fidia. Nikamwelekeza kwa imamu wa msikiti wake.