Kombe la Timu za Juu na Askari wa Langoni

Mwezi wa Agosti 2023 shirikisho la kandanda la Tanzania lilifanya jambo ambalo sisi wa Burundi yatupasa kulitafakari. Ngao ya Jamii, iliyokuwa ikiamuliwa kwa pambano moja, ilishindaniwa na timu nne zilizomaliza juu katika ligi: Yanga, Simba, Azam na Singida. Wala hazikukusanywa Dar es Salaam. Zilipelekwa Tanga, katika uwanja wa Mkwakwani, na huko Simba ikaishinda Yanga kwa mikwaju ya penalti 3-1 baada ya mchezo kwisha bila goli.

Mimi naona kombe la namna hiyo lingetufaa, nusu-fainali moja Gitega na ya pili Muyinga. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na timu yake ya Flambeau du Centre ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2022. Muyinga nao si mgeni wa mashindano makubwa. Mwezi wa Aprili 2018 vijana wa chini ya miaka 17 wa Afrika Mashariki na Kati walicheza Gitega, Ngozi na Muyinga, na Tanzania ikaondoka na kombe kwa kuifunga Somalia 2-0. Mwananchi wa Muyinga anayelipa faranga zake kuitazama timu bora ya nchi ana haki sawa na yule wa Bujumbura.

Lakini ndugu askari na polisi, kombe hilo litasimama au kuanguka langoni, nanyi ndio walinzi wa lango.

Tarehe 1 Oktoba 2022, huko Malang nchini Indonesia, timu ya Arema ilifungwa nyumbani 3-2 na Persebaya. Baadhi ya mashabiki wakaingia kiwanjani. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na mengine yakaangukia majukwaani, kwa watu waliokuwa wameketi pamoja na watoto wao. Umati ukakimbilia milango, nayo ilikuwa myembamba na mingine imefungwa. Wakafa watu 135, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa pumzi, na miongoni mwao wamo polisi wawili. Kanuni za FIFA zilikuwa zimekwisha kataza gesi hiyo kandokando ya kiwanja. Accra nako, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak walipoifunga Asante Kotoko, mashabiki waling'oa viti, polisi wakajibu kwa gesi, na zaidi ya watu 120 hawakurudi nyumbani.

Angalieni jinsi mambo yalivyofuatana. Katika sehemu zote mbili kosa la kwanza lilikuwa la mashabiki, na sitawatetea. Hata hivyo, kiti kilichong'olewa hakiui watu mia. Kilichoua ni gesi kurushwa mahali pasipo njia ya kutokea. Moshi uwanjani hauwatawanyi watu kama barabarani, maana hawana pa kutawanyikia. Huwasukuma wote kwenye mlango mmoja.

Kwa hiyo mkuu wa zamu atakayepangiwa Gitega au Muyinga na afike asubuhi, aihesabu milango, amjue mwenye kila ufunguo, na ahakikishe yote imefunguliwa kabla ya filimbi ya mwisho. Tiketi zikiisha, zimeisha. Na hapa niseme lisilopendeza: askari asiye zamu anayeingia bure na jamaa zake watano kwa sababu ya sare aliyovaa, anaujaza uwanja kupita kiasi sawasawa na kijana anayeruka ukuta. Mwenzake aliye langoni huona haya kumzuia. Amri ya kumzuia na itoke kwa mkubwa wao, kwa maandishi, siku moja kabla ya mchezo.