Bure inayoomba namba ya kadi, mimi siiamini tena

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea kitu ambacho wengine hamtakipenda, hasa wale mnaotuambia kila siku "jisajili tu, ni bure, utalipa ukikua." Mimi nilijisajili. Kukua sikukua, ila kulipa nililipa.

Nauza mikoba na viatu vya mtumba hapa Kijenge, Arusha. Mzigo nafuata Kilombero, na Jumamosi nawahi Tengeru alfajiri kabla wenzangu hawajachambua vizuri vyote. Wateja wangu wako Instagram na WhatsApp. Nilipochoka kutuma picha zile zile kwa kila mtu, nikasema nitengeneze websaiti yangu. Mimi ni wa kidato cha nne, kompyuta sijasomea popote, nimejifunza YouTube. Jamaa wa kwenye video akaonyesha kampuni kubwa ya nje, jina silitaji, inayokupa seva ya klaudi mwaka mzima bila kulipa. Wanataka namba ya kadi tu, eti kuhakikisha wewe ni mtu kweli. Wakakata dola moja, wakairudisha. Nikaona hawa waaminifu.

Websaiti yenyewe haikunisaidia. Mteja anaifungua, bei ameiona, halafu anarudi WhatsApp kuniuliza "dada, hii bei gani?" Nikaizima seva, nikasahau.

Siku moja niko kwenye kifodi narudi kutoka Tengeru, meseji ya benki ikaingia. Dola 31 zimetoka. Kwa hela yetu elfu themanini na kitu. Na ilikuwa siyo hela yangu, jamani. Ni ya kikoba. Mimi ndiye mweka hazina, tuko kumi na wanne, na ile hela ililala kwenye akaunti yangu siku mbili tu nikisubiri kikao cha Jumatatu. Kuchanganya hela ya kikoba na yangu ni kosa langu mwenyewe, sibishi. Jumapili nikauza mikoba sita mizuri kwa bei ya kutupa ili kikao kikute hesabu imekaa sawa. Kuna mama mmoja pale alikuwa anasubiri zamu yake ya mkopo alipe ada ya mtoto. Ningemwambia nini? Kwamba hela imeliwa na seva?

Nilipofungua bili ndio nikaelewa. Kuzima seva siyo kuifuta. Diski yenye mafaili yako bado iko kwenye mashine zao, inalipiwa. Anwani ya IP uliyoishika inalipiwa hata kama hakuna mtu anayeingia. Nusu senti ya dola kwa saa, unaona ni ujinga tu, lakini zidisha kwa masaa 24 na siku 30, ni dola 3 na senti 60 kwa mwezi. Kilichoniumiza zaidi ni hifadhidata niliyoifungua kwa sababu yule wa kwenye video aliifungua. Ile sikuizima kabisa, na mwaka wa bure ulipoisha ikaanza kulipiwa bei kamili. Halafu VAT juu yake. Barua pepe za kunionya zilikuja, tena tatu, kwenye ile imeili niliyofungulia Facebook enzi hizo. Nani anaifungua?

Nikafuta kila nilichokiona. Mwezi uliofuata wakakata tena karibu dola 8. Hapa ndipo wengi wanapoliwa, kwa hiyo soma taratibu. Zile seva ziko kwenye kanda mbalimbali za dunia, na ukurasa unakuonyesha kanda moja moja. Mimi wakati najifunza nilifungua moja kwenye kanda ya Ulaya, ikanigomea, nikahamia nyingine. Ile ya kwanza ikabaki. Kwenye ukurasa niliokuwa naangalia kulionekana kweupe kabisa. Usitafute kwa kuangalia seva, fungua ukurasa wa bili, pale kila kanda inayokudai imeandikwa kwa jina lake.

Watu waliniambia funga kadi, yataisha. Kadi unaweza kuifunga, lakini kile kitu kinaendelea kuhesabu kule, deni linakaa kwa jina lako. Nilifuta kwanza, ndipo nikawaandikia. Kiingereza changu cha kuungaunga: sikujua, sijatumia, nimeshafuta, naomba mnirudishie. Wakajibu baada ya siku mbili, wakarudisha ile ya kwanza. Ya pili hawakurudisha. Na iliporudi benki ilibadilisha kwa bei yake, ikapungua elfu kadhaa. Sawa, ila andikeni. Kuomba hakuna ada.

Sasa maoni yangu. Najua mtaniambia "ungesoma masharti." Kweli, sikusoma. Lakini tuangalie mambo ya kwetu. Umeme tunanunua LUKU, uniti zikiisha giza, basi, hakuna anayekuja kukudai ulichowasha ukiwa umelala. Bando likiisha linakatika. Hawa wa klaudi unaweza kuweka kiwango, dola 5 tuseme, na unadhani ukifika hapo watakata huduma. Hawakati. Wanakutumia barua pepe tu kwamba umefika. Kwa kampuni yenye mhasibu hiyo inatosha. Kwa mtu anayechambua mitumba saa kumi na mbili asubuhi haitoshi.

Na siyo kwamba haiwezekani. Google Cloud wanampa mteja mpya dola 300 za siku 90, na zikiisha hawakukati mpaka mwenyewe ubonyeze kwamba sasa unalipia. Amazon nao tangu tarehe 15 Julai 2025 akaunti mpya inaweza kuchagua mpango wa bure wa miezi 6 ambao muda au salio likiisha unajifunga. Huo ndio u-LUKU ninaoutaka. Ila kile kitufe cha kupandisha akaunti usikiguse kwa haraka, ukikigusa umeshatoka kwenye LUKU.

Ukitaka kujaribu lazima, tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, weka hela ya siku hiyo tu, ibaki tupu. Siku ya mwaka kuisha iandike kwenye kalenda ya ukutani, ile ya picha ya Mlima Meru uliyopewa dukani. Mimi yangu ipo hapo, na nimezungushia kalamu nyekundu.

Websaiti nimeifuta. Picha ziko kwenye katalogi ya WhatsApp Business, inabeba bidhaa mpaka 500 na haijawahi kuniomba kadi. Jana mikoba mitatu imeenda Usa River kwa kutumia katalogi hiyo hiyo. Mteja alitazama picha, bei ameiona, akaniuliza "dada, hii bei gani?"