Umeongeza Upepo, Mafuta Je?

Wiki hii tunaachana na rimu, rangi na spika. Tunapiga magoti kwenye kiti cha nyuma, tunafungua ule mfuniko ambao wengi wenu hamjaugusa tangu gari literemke melini. Chini yake, ndani ya tangi, ndimo inamoishi pampu ya mafuta.

Ishu yenyewe ni hii. Kijana ana Subaru Impreza WRX, au Forester ya tabo, au Chaser yenye 1JZ. Akishika mshiko kidogo anakimbilia ekzosi kubwa na kupandisha upepo wa tabo, mtaa mzima ujue kuwa amerudi nyumbani. Safi sana! Ila upepo ukizidi na petroli isiongezeke, joto linapanda, injini inaanza kugonga na pistoni inamegeka pale zinapokaa ringi. Kwa EJ20 za Subaru huo ni ugonjwa unaojulikana. Na wala haupigi hodi, bwana. Gari linaweza kuvuta tamu kuliko jana, halafu ghafla moshi, na wewe unaanza kuuliza bei ya injini nzima.

Hapo wajuaji wa kijiweni watakwambia, “Funga Walbro 255, umemaliza.” Hebu tupige hesabu kwanza. Hizo 255 ni lita kwa saa. Injini ya tabo yenye nguvu farasi 250, mguu ukiwa chini kabisa, hunywa kama lita 90 kwa saa. Ni kweli lita za pampu hupungua presha ikipanda: kwa kawaida mafuta huwa kwenye presha ya kama baa 3, na tabo ikisukuma baa 1, regyuleta inayapandisha hadi kama baa 4. Hata hivyo, kama gari liko kama lilivyotoka Japani, pampu ya kiwandani iliyo nzima inatosha kabisa. Tatizo ni hilo neno “nzima”. Gari lina miaka zaidi ya 20, limekunywa petroli ya kila kituo. Unadhani pampu yake bado ni bikira?

Kwa hiyo pima kabla hujanunua. Mwambie fundi abadilishe chujio la mafuta, kisha achomoe mpira unaorudisha petroli kwenye tangi na kuuelekeza kwenye dumu la kuwekea mafuta. Injini ikiwa imezimwa, aiwashe pampu peke yake kwa sekunde 30. Kilichoingia zidisha mara 120, hizo ndizo lita zako kwa saa. Zikija lita moja na nusu, una 180, lala usingizi. Ikija nusu lita, una 60, na hiyo tabo usiiguse tena. (Kipimo hiki ni cha magari yenye mpira wa kurudisha mafuta. Kama lako halina, tafuta geji ya presha.) Na tafadhali, kazi hii ifanyike nje, betri ikiwa mbali na dumu, bila sigara. Gereji bubu nyingi tunazozijua, hatua mbili pembeni kuna jamaa anachomelea geti.

Namba ikija ndogo, usikimbilie kuilaumu pampu. Shika mita, pima umeme pale pale kwenye pampu, injini ikiwa inaunguruma. Betri inaonyesha volti 14 na pampu inapata 11 na nusu? Basi waya ndizo zimezeeka. (Magari mengine hupunguza volti makusudi yakiwa kwenye sailensa, kwa hiyo pima na ukikanyaga mafuta.) Dawa yake ni rahisi kuliko pampu: waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, na rilei inayoamshwa na ule waya wa zamani. Fundi akikuwekea swichi ya pembeni ili pampu iwake muda wote, mkatalie. Ukigonga nguzo na injini ikazimika, pampu lazima ife nayo, la sivyo inamwagia moto petroli.

Sasa kama pampu yenyewe imechoka kweli, nenda Gerezani, lakini nenda na akili. Walbro za bandia zimejaa duniani, boksi linafanana, stika inafanana. Mpya ikiuzwa bei ya chipsi kuku, jua hiyo ni nini. Mimi kwa mfuko mwembamba ningechagua Denso iliyotolewa kwenye gari la tabo kubwa zaidi. Ile ya Toyota Supra ya tabo mbili ina sifa hiyo miaka mingi. Kubaliana na muuzaji kwamba utaipima kwa sekunde 30 zilezile, ikifeli unairudisha. Na usinunue likubwa kupita kiasi kwa sifa tu, maana regyuleta ya kiwandani inaweza kushindwa kurudisha mafuta yote, presha ikapanda na gari likanuka petroli kwenye foleni.

Halafu kuna kampira kafupi kanakounganisha pampu na bomba ndani ya tangi. Mpira wa kawaida wa petroli haukutengenezwa kuzama. Nje unaloweka petroli kuliko ndani, unavimba, unapasuka, na presha yote inaishia humohumo kwenye tangi. Tafuta ulioandikwa SAE 30R10. Ni ghali kwa sentimita, ila unahitaji chache tu.

Mwisho, nyie wa “niwekee ya elfu kumi”. Petroli ndiyo inayoipoza pampu. Ukitembea na taa inawaka kila siku, pampu inapata joto, na ukikata kona kwa kasi inavuta hewa huku tabo ikiwa imejaa upepo. Ukitaka kukimbiza, jaza angalau nusu tangi.