Tunajuaje Lililo Jema: kwa Kuamini au kwa Kuonja?

Zipo methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri, aghalabu pasipo kutambua kwamba zinavutana. Ya kwanza yasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya pili yasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ile yatutaka tuamini tuambiwalo. Hii yatutaka tulale, tuumwe, ndipo tujue. Je, ujuzi wa jema na baya hutokana na lipi kati ya hayo mawili?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Ni letu sisi walimu, kwa kuwa kila siku twadai kuwafunza watoto wa watu maadili. Nami nitalijibu kwa kisa ambacho sioni fahari kukisimulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule ya msingi. Nilikiamini kiboko kama nilivyoiamini jedwali ya kuzidisha. Darasani mwangu alikuwamo mvulana aliyeketi nyuma, ambaye kila siku alinakili visivyo hesabu za ubaoni: penye 8 aliandika 3, penye 7 aliandika 1. Nilimwona mzembe, nikamchapa. Nilimchapa muhula mzima. Siku moja dawati lake lilivunjika mguu, akahamia mbele. Siku hiyo akanakili zote sawasawa. Kumbe mtoto hakuwa mzembe. Alikuwa haoni mbali. Na mimi niliyemchapa nilikuwa nimevaa miwani.

Wapo washikiliao kwamba tajriba pekee ndiyo mwalimu wa maadili. Nawauliza: mimi nilipungukiwa na tajriba gani? Nilichapwa utotoni, uchungu wa fimbo niliujua. Udhaifu wa macho niliujua. Mtoto mwenyewe nilimtazama kila siku. Yote hayo hayakunifunza kitu, kwa sababu imani yangu ndiyo iliyokuwa ikiyafasiri. Nilipozikumbuka fimbo za utotoni, nilikumbuka tu kwamba nimekuwa mwalimu, nikaihesabia fimbo sifa hiyo. Wenzangu walioitoroka shule kwa kuiogopa hawakuwamo katika chumba cha walimu kutoa ushahidi wao.

Hata kisa cha mvulana yule hakikunitoa fimbo mkononi. Nilimwomba radhi, nikaendelea kuwachapa wengine. Mwaka 2001 serikali ilipopiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, nilitii kwa kunung'unika. Sikuwa nimesadiki, niliogopa kazi yangu tu. Lakini mwalimu asiye na fimbo hana budi kuuliza. Mtoto akikosa, ilinipasa nimuulize amelipataje jibu lile. Katika majibu yao niligundua njaa, hofu, msiba nyumbani, na mara nyingi somo ambalo mimi mwenyewe sikulieleza vyema. Mambo hayo yalikuwapo miaka yote. Nisingeyajua kwa kukaa nikingoja tajriba inishawishi kwanza, kwa maana darasa lisilo na fimbo halionjwi na mtu ambaye hajaiweka fimbo chini.

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ameligusa jambo hili katika kitabu chake kiitwacho Meno. Humo Socrates anatoa mfano wa njia iendayo mji wa Larissa. Aliyepata kuipita ataweza kuwaongoza wenzake. Lakini hata asiyeipita, maadamu anaamini sawasawa iliko, atawafikisha vilevile. Tofauti ni kwamba imani iliyo sahihi, isipofungwa kwa sababu, haikai, hutoroka moyoni.

Hapo ndipo lilipo tatizo letu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamkataza mtu yeyote kumpiga mwanafunzi, na anayeivunja aweza kutozwa faini au kufungwa. Hata hivyo fimbo haijatoweka katika shule zetu zote. Wengi wetu tumeiamini sheria kwa midomo, hatujaifunga moyoni kwa kuyatazama tunayotendewa na tunayowatendea wengine.

Kwa maoni yangu, basi, methali zile mbili zahitajiana. Neno la mkuu lafaa litangulie, maana si kila guu lapaswa kuvunjika ndipo mtu ajue shimo lilipo. Lakini neno hilo ni la kuanzia safari. Asiyekubali imani yake ihojiwe na yule anayeumia kwayo, hata akiishi miaka mia, ataona kila siku yale tu aliyokwisha kuyaamini.

Wanafunzi, yasikieni ya wakubwa, kisha yapimeni kwa haki mwonapo matokeo yake. Nasi walimu, kabla ya kumwita mtoto mzembe, tumsogeze mbele ya ubao, tumuulize anaona nini.