Mto Ukihama, Ardhi ni ya Nani?

Mwaka 1965 mvua kubwa zilinyesha kaskazini mwa Burundi, na mto Kanyaru ukaacha njia yake ya zamani katika bonde la Rukurazi, ukahamia kusini. Mashamba ya Sabanerwa, kilomita za mraba 2 hivi, yakajikuta ng'ambo, upande wa Rwanda. Tangu hapo nchi hizi mbili zinayabishania.

Kilomita za mraba mbili tu! Kanda hii ina ugomvi mzito zaidi: Tanzania na Malawi wanavutania Ziwa Nyasa, na Kenya na Somalia walifikishana The Hague kwa ajili ya bahari, hukumu ikatoka mwaka 2021. Toleo hili la gazeti letu linaanzia Sabanerwa kwa makusudi, kwani pale hakuna mafuta wala gesi ya kuwatoa watu macho.

Chini ya Wabelgiji, Kanyaru haukuwa mpaka wa mataifa. Ulitenganisha falme mbili zilizotawaliwa pamoja kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, hadi 1 Julai 1962. Je, mstari wa aina hiyo una nguvu kisheria? Unazo. Burkina Faso na Mali nazo zilikuwa makoloni ya himaya moja ya Ufaransa, na mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba mistari ya utawala iliyokuwapo siku ya uhuru ndiyo mipaka. Azimio la wakuu wa nchi za Afrika la Cairo, Julai 1964, lililopiganiwa na Nyerere na kukataliwa na Somalia na Morocco, lilisema hivyohivyo.

Burundi inaujua uchungu wa kanuni hii. Bugufi ilikuwa nchi ya mwami wa Burundi, lakini Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Mjerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikabaki Tanganyika. Leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, ambako Kihangaza na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Burundi iliumeza mpaka huo. Aliyekubali kupoteza Bugufi kwa kanuni hii ana haki ya kudai ifuatwe na Kanyaru.

Na mto uliohama? Sheria hutofautisha. Mto ukila ukingo polepole, mpaka hufuatana nao. Ukiruka ghafla, mpaka hubaki kwenye mkondo uliokauka. Marekani na Mexico waligombania ardhi ya Chamizal, iliyotokana na kuhama kwa Rio Grande, kwa karibu miaka mia, wakamaliza kwa mkataba wa 1963. Kwa hiyo, ikithibitika kwamba mpaka wa 1962 ulipita kwenye mkondo wa zamani na kwamba mafuriko yaliuhamisha mto ghafla, hoja ya Burundi ina uzito zaidi. Gazeti la Bujumbura kama hili kusema hivyo hakushangazi. Ndiyo maana ushahidi uamue, si uzalendo.

Wanaolima pale nao wasisahauliwe. Ilipoamua mpaka wa Burkina Faso na Niger mwaka 2013, mahakama hiyohiyo ilieleza matakwa yake kwamba pande zote mbili zijali mahitaji ya wakazi, hasa wafugaji wanaohamahama. Gitega na Kigali watoe ramani za Wabelgiji, wapeleke wapimaji wa pande zote mbili bondeni, na kabla ya kusimamisha jiwe lolote la mpaka watie saini mkataba unaomruhusu mkulima kuvuna alichopanda, bendera yoyote itakayopepea juu ya shamba lake.