Jina la Chuo ni Amana



Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne twafanya mtihani wetu wa mwisho, na Mungu akitujalia, wengine wetu wataingia vyuo vikuu. Habari tunazoletewa na ndugu zetu waliotutangulia huko ni nyingi: habari za malazi, za chakula, za mikopo na za wahadhiri. Lakini liko jambo moja ambalo sijalisikia likizungumzwa, nalo ni matumizi ya mtandao wa kompyuta wa chuo. Naomba nafasi kidogo nilizungumze, maana ni jambo kubwa kuliko linavyodhaniwa.

Mwanafunzi akisha kuandikishwa, chuo humpa jina la kuingilia mtandaoni na neno la siri. Kwa jina hilo hupata barua pepe, husoma mafunzo yaliyowekwa na wahadhiri, hujiandikisha masomo ya muhula, hutazama maksi zake na karo anayodaiwa, na tena hufungua vitabu na majarida ya maktaba hata akiwa nyumbani kwao. Zamani kijana alikuwa na kadi ya maktaba, risiti za karo na sanduku la posta, kila kimoja mahali pake. Leo vyote vyafunguliwa kwa ufunguo mmoja.

Basi rai yangu ni hii. Ufunguo huo ni amana, wala haufai kupewa mtu mwingine yeyote, awe rafiki au ndugu. Tena mahali pa kujifunza kuutunza si chuoni, bali ni hapa hapa shuleni, kabla hatujaondoka.

Labda msomaji atauliza, neno la siri lilitoka wapi? Wengi wetu twadhani liliwekwa na watu wa benki kwa kuwaogopa wezi. Sivyo. Lilianza kutumiwa katika kompyuta za chuo kikuu. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenziwe walionyesha mpango uitwao CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Siku zile kompyuta ilijaza chumba kizima, na bei yake ilikuwa ghali mno. Kwa hiyo kila mtu aliwekewa kazi zake mbali, akapimiwa saa zake, na neno la siri ndilo lililotenga fungu la huyu na fungu la yule.

Hata hivyo haukupita muda mrefu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, aliyekuwa akitafuta shahada ya udaktari, aliona kwamba saa nne alizopimiwa kwa wiki hazimtoshi. Akapata njia ya kuifanya kompyuta imchapie orodha nzima ya maneno ya siri, akatumia saa za wengine. Habari hii aliieleza mwenyewe baada ya miaka mingi. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi ya kumaliza. Lakini saa alizotumia zilikuwa fungu la mtu mwingine. Mali ya wote ina tabia hiyo: mmoja akizidisha, mwingine hupunguziwa, ijapokuwa hamwoni aliyempunguzia.

Sasa tutazame mfano ulio karibu nasi. Hapa Kenya vyuo vikuu vimeunganishwa na KENET, yaani mtandao wa elimu wa nchi yetu, ulioanzishwa mwaka 1999. Kwa kupitia KENET, vyuo kadha vimejiunga na huduma iitwayo eduroam. Wazo la huduma hiyo lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga, aliyekuwa akifanya kazi SURFnet, mtandao wa vyuo vya Uholanzi. Na leo huduma imeenea katika nchi zaidi ya 100. Mwanafunzi wa chuo cha Kenya kilichojiunga akienda kutembelea chuo cha Uganda kilichojiunga, hana haja ya kuomba ruhusa mpya wala kununua data. Huwasha simu yake, na mtandao wa wenyeji humkaribisha.

Yawezekanaje? Jina lake lina sehemu mbili, kama anwani ya barua pepe: sehemu ya kwanza ni yake mwenyewe, na ya pili ni ya chuo chake. Mitambo ya wenyeji huitazama ile sehemu ya pili, kisha hupeleka swali mpaka chuo cha nyumbani: je, huyu ni wenu? Chuo cha nyumbani hulipima neno la siri, kikajibu ndiyo au siyo. Mambo yakipangwa sawasawa, wenyeji hawalioni neno la siri hata kidogo; wao huliamini jibu tu. Waonaje msomaji? Hii ni desturi ya wazee wetu ya kumpokea mgeni kwa kuuliza, wewe ni mtoto wa nani? Akitaja mzee anayejulikana, hupewa kiti. Lakini akivunja chungu, habari hurudi kwa mzee yule. Vivyo hivyo, mtu uliyempa jina lako akifanya ubaya ugenini, wenyeji hawatamjua yeye. Wataandikia chuo chenu, na chuo kitakuita wewe.

Tena liko jambo la maktaba. Majarida mengi ya elimu huuzwa kwa fedha nyingi sana, na hapa Kenya maktaba hushirikiana kuyanunua kwa kupitia umoja wao uitwao KLISC. Mapatano huwa kwamba yasomwe na wanafunzi na walimu wa vyuo vilivyolipa. Mwenye majarida akiona jina moja lapakua maelfu ya kurasa usiku kucha, hana njia ya kujua kama ni wewe au ni mtu uliyempa ufunguo, na aweza kukifungia chuo kizima mpaka mambo yachunguzwe. Fikirini hasara yake: dada mmoja yuko katika wiki ya mwisho ya kuandika tasnifu yake, afungua maktaba, akuta mlango umefungwa kwa sababu ya ukarimu wa mtu asiyemjua.

Lakini kwa nini nasema tuanze hapa shuleni? Kwa sababu hapa tunajifunza kinyume. Katika chumba chetu cha kompyuta sote twaingia kwa jina moja na neno la siri moja, nalo limeandikwa katika karatasi iliyobandikwa karibu na mlango. Muhula uliopita mwenzetu anayesoma somo la Kompyuta alikuta kazi yake ya mradi, kazi inayohesabiwa katika mtihani wa taifa, imefutwa yote. Ni nani aliyefuta? Hakuna aliyeweza kusema. Pengine alikuwa mwanafunzi mdogo aliyetafuta nafasi ya kuweka picha, wala hakukusudia ubaya. Kompyuta ilionyesha jina moja tu, nalo ni jina letu sote. Basi sote tukashukiwa, chumba kikafungwa wiki mbili, na mwenzetu akaanza kazi upya akikesha. Aliyekosa hakuonywa, na wasiokosa waliadhibiwa. Mahali pasipo na jina, haki haina pa kushika.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Huu ni uchoyo. Sisi tumelelewa kugawana; mwenzako akikosa chumvi humpa, sembuse neno la siri?" Nami nakubali kwamba data ni ghali, na kwamba vijana wengi wakirudi nyumbani hawana njia ya kusoma. Lakini chumvi ukimpa mwenzako, umempa chumvi tu. Neno la siri ukimpa, umempa na barua zako, na maksi zako, na uwezo wa kusema kwa sauti yako. Mwenzako wa chuoni ana jina lake mwenyewe, hana haja ya lako. Akishindwa kuingia, mpeleke kwa maafisa wa kompyuta wamtengenezee, na kwa siku ile mkalishe kando yako msome pamoja. Na ndugu asiye mwanafunzi mwonyeshe milango iliyo wazi kwa halali: maktaba za umma ziko katika miji mingi, na majarida mengi yaliyo katika African Journals Online husomwa bure na mtu yeyote. Kumfundisha mtu njia ni msaada wa kudumu kuliko kumwachia funguo.

Wazazi wetu nao nawaomba jambo moja kwa heshima. Twapoomba nafasi za vyuo kwa KUCCPS, au mkopo kwa HELB, wengi wetu hupelekwa katika duka la kompyuta mjini, na mwenye duka hutujazia fomu. Huyo hufanya kazi njema, wala simsingizii. Lakini mara nyingi yeye ndiye achaguaye neno la siri, tena huliandika katika daftari lake pamoja na ya wateja wengine mia. Mtu yeyote atakayelipata daftari lile aweza kubadili masomo ambayo mtoto wenu amechagua, au kuona habari zenu za nyumbani mlizoziandika kwa ajili ya mkopo. Basi mtoto na aandike mwenyewe neno lake, mwenye duka akitazama kando. Na kama limekwisha kujulikana, libadilishwe siku ile ile.

Tena si haki kuwaonya wanafunzi tu, bali wakuu nao wana sehemu yao ya amana. Mtandao wa chuo huweka kumbukumbu za nani aliingia na saa ngapi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwaje. Basi chuo na kimwambie mwanafunzi waziwazi: twaandika nini, twakihifadhi kwa muda gani, na nani aruhusiwa kukisoma. Aghalabu kanuni za matumizi huandikwa katika kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na kijana hubonyeza mahali palipoandikwa "nakubali" bila kusoma hata mstari. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi ungefanya kazi kubwa zaidi. Mtu hulinda vizuri amana anayoielewa.

Kwa ajili ya wenzangu watakaokwenda mwakani, nataja mambo machache ya kushika. La kwanza, maafisa wa kompyuta wa chuo hawana haja ya neno lako la siri. Barua yoyote ikikuambia ulitume upesi ama jina lako litafungwa, barua hiyo ni ya mwongo. La pili, neno la chuo lisiwe lile lile la Facebook au la mchezo, maana huko likivuja, mlango wa chuo umefunguka pia. La tatu, unapotengeneza simu yako kwa eduroam, fuata maagizo ya chuo chako, usiunganishe ovyo. Mtu mwovu aweza kuweka mtambo wake mkahawani na kuupa jina hilo hilo. Simu iliyotengenezwa vyema hutaka kuona cheti cha chuo kwanza. Iliyotengenezwa ovyo humkabidhi mwovu vitu vyako bila kuuliza. La nne, ukitumia kompyuta ya watu wote, toka kabisa kabla hujainuka kitini. Na la tano, tujue kwamba kuingia katika kompyuta kwa jina la mtu bila idhini si mzaha wa bwenini. Ni kosa katika sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa kompyuta.

Mwisho, naomba kwa adabu kwamba shule yetu impe kila mwanafunzi jina lake katika chumba cha kompyuta, toka siku aingiapo. Jambo hili halihitaji kununua mashine mpya, kwani kompyuta tulizo nazo zaweza kuweka majina mengi, kila moja na kazi zake mbali. Huhitaji alasiri chache za mwalimu, na vijana wawili watatu wa kumsaidia. Mimi najitolea kuwa mmoja wao kabla ya mtihani kuanza. Karatasi ya mlangoni iondolewe, na mahali pake paandikwe kanuni tano fupi ambazo kila mtoto ataziweza.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyelinda jina lake hapa hatahitaji kufundishwa upya chuoni. Na chuo kitakapoulizwa na wageni, "Je, huyu ni wenu?", kitaweza kujibu ndiyo bila hofu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne