Baiskeli za Ghalani Zisiuzwe kwa Kilo



Katika kikao cha kamati kilichopita lilitolewa wazo kwamba zile baiskeli tatu kuukuu zilizoegemea ukuta wa nyuma wa ghala letu ziuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wazo halijapitishwa. Litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, nanyi ndio mtakaoamua. Lakini sisi tunaoandika ubao huu tumeona si vema tunyamaze mpaka siku ile mtu anyooshe mkono bila kufikiri. Maoni yetu ni haya: zisiuzwe.

Kwanza tuwatendee haki wenye wazo hilo, maana si watu wabaya. Wanasema nafasi ya ghala ni ndogo na mbaazi zinakuja. Wanasema panya wamefanya makao chini ya zile tairi. Wanasema mzani wetu unahitaji fundi, na fedha hazipo. Yote hayo ni kweli, hata hilo la panya. Ila hebu tupige hesabu pamoja. Baiskeli moja ya namna ile ina uzito wa kilo 20 hivi, pengine na zaidi kidogo. Tatu ni kilo 60. Bei ya chuma chakavu kwa kilo mnaijua wenyewe, na mnajua pia kwamba mnunuzi anakuja na mzani wake mwenyewe. Zidisheni. Kisha mtuambie kama fedha hiyo itamleta fundi wa mzani kutoka Katesh na kumrudisha.

Sasa tuzitazame baiskeli zenyewe, kwa sababu tunashuku baadhi yetu hatujazitazama kwa miaka mingi. Mbili ni Phoenix, za Shanghai, China. Moja ni Swala, ile iliyotolewa na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, Dar es Salaam, kampuni ambayo leo haipo tena. Tulizitoa nje tukazipangusa vumbi. Phoenix moja haina kiti wala mnyororo. Ya pili ina kila kitu isipokuwa tairi na pedali ya kushoto. Swala imevunjika bomba la nyuma karibu na ekseli, ikachomelewa, ikavunjika tena pale pale. Lakini tulipoinua gurudumu la mbele la ile Phoenix ya pili na kulizungusha kwa kidole, jamani, lilizunguka mpaka tukachoka kulisubiri lisimame. Tukafungua habu. Goroli zilikuwa ndani ya grisi iliyokauka kama nta, na hazina kutu.

Hapo ndipo mazungumzo yalipotushika, tukakaa pale ghalani mpaka jua likashuka.

Wazee wanakumbuka. Vijana tuwaeleze kidogo. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kijiji chenyewe kikawa ndicho chenye kukusanya mazao na kuendesha duka. Vyama vilirudi kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka hiyo baiskeli haikuwa kitu cha kwenda kuchagua rangi. Zilikuja kwa mgawo kupitia Kampuni za Biashara za Mikoa, zile tulizoziita RTC, na wakati huo sisi tulikuwa bado Mkoa wa Arusha, maana Manyara ilizaliwa mwaka 2002. Zikija tano, wenye kuzitaka ni hamsini. Anayepata ni bwana shamba, mwalimu mkuu, karani wa mizani, na yule ambaye hatutamtaja kwa kuwa wajukuu wake wanasoma ubao huu.

Baiskeli hiyo ilikuwa gari la mizigo. Gunia la mahindi la kilo 90 linalazwa kwenye keria au linapitishwa katikati ya fremu, na mwenye baiskeli hapandi, anasukuma. Madumu ya maji manne, mawili kila upande. Mtoto wa miaka minane anajifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda kama upinde, kiti hakifikii mpaka awe na miaka kumi na miwili. Usiku taa ya dinamo inawaka kadiri unavyokanyaga. Ukisimama kumsalimia mtu, giza. Ndiyo sababu watu wa zamani walisalimiana wakipita.

Lakini tusidanganyane kwa kuwa mambo ni ya zamani. Breki zile za fimbo kwenye rimu ya chuma, siku ya mvua, zilikuwa sawa na kumwomba Mungu. Vali zilikuwa na kile kimpira chembamba kilichooza kila baada ya muda mfupi, na kama huna kipya unatembea. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikiwa zimekauka, tairi na tyubu zilipotea madukani kabisa, na wapo waliojaza majani ndani ya tairi wakaendelea na safari. Na mama zetu? Mama zetu walibeba maji kichwani huku baiskeli ya baba imelala ukutani. Binti akipanda alichekwa. Hatuyatamani hayo yarudi.

Tunachokitamani ni kimoja. Baiskeli ile ilitengenezeka.

Fundi wa chini ya mti, mwenye spana moja ya matundu mengi, nyundo, bisibisi na karai la maji, aliweza kuifungua yote na kuifunga yote. Kota pini ikilegea, anaigonga. Ikiisha, anachonga nyingine. Spoku ikikatika anaikunja kutoka kwenye gurudumu jingine. Tairi ni ileile ya inchi 28 kwa moja na nusu, iwe ya China, ya India au ya kwetu. Raleigh ya Kiingereza, hiyo ya wazee wa ukoloni yenye spoku 32 mbele na 40 nyuma, ndiyo iliyokuwa na kiburi kidogo: nyuzi za vikombe vyake zilikatwa 26 kwa inchi, wakati viwanda vingi vya Uingereza vilikata 24. Fundi aliyelazimisha kikombe kigeni kwenye Raleigh aliharibu fremu ya mtu, na tunaye mmoja hapa kijijini aliyefanya hivyo na bado analaumiwa. Lakini hata hilo lilikuwa jambo la kujifunza mara moja ukalijua.

Leo tazameni hizi mpya zinazoitwa za milimani. Zina rangi nzuri, gia 18 au 21, shokapu mbele na wakati mwingine katikati. Zipo za aina mbili, tusizichanganye. Zile za mitumba zilizotumika Ulaya au Japani, nyingi ni ngumu na zinastahili fedha yake. Fremu yake ikiwa ya chuma, mnunulie mtoto bila hofu. Lakini zile za bei ya chini, mpya, zenye shokapu ya kupendeza macho, ni hadithi nyingine. Mmoja wetu alinunua moja mnadani. Masika ya kwanza udongo wetu mweusi ukajaa kwenye kile kimkono kinachohamisha mnyororo, kikapinda, kikaingia kwenye spoku, gurudumu likawa kama nane. Fundi akaitazama kutoka mbele, akaitazama kutoka nyuma, akasema, "Mzee, hii mimi siijui." Alikuwa anasema kweli. Kimkono hicho hakikupatikana. Fremu ya alumini ikipasuka, mchomeleaji wetu hana mashine yake. Baiskeli hiyo sasa ni mahali pa kuku kulala.

Na hapa kuna jambo ambalo lilitushangaza tulipolijua, nasi tunawagawia. Hizo za milimani zilizaliwa kutokana na baiskeli kuukuu kama zetu! Katika miaka ya 1970 vijana wa Kaunti ya Marin, California, Marekani, walichukua baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, vyuma ambavyo wengine walivitupa, wakawa wanateremka nazo njia za vumbi milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano kwenye mteremko mmoja mkali. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, unakanyaga kinyumenyume. Wakifika chini breki zimepata moto, grisi imetoka moshi yote, lazima habu ifunguliwe ijazwe grisi upya. Basi mteremko ule ukaitwa Repack, yaani jaza upya. Kutoka kwenye vyuma hivyo wakaanza kujenga fremu zao wenyewe, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, miongoni mwa baiskeli za kwanza za milimani kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia Olimpiki, Atlanta.

Leo huko kwao wapo watu wazima wanaozitafuta baiskeli hizo za miaka ya themanini kwa hamu, pamoja na vipuri vyake, gia za zamani, pedali za zamani, hata boliti. Wanazisafisha, wanazipanda, wanazionyesha kwa wenzao. Hatuwacheki. Ila wao wanalipa fedha nyingi kukitafuta walichokitupa, na sisi tumekalia cha kwetu ghalani tunataka kukitupa.

Mtu atasema: zama za baiskeli zimepita, sasa ni bodaboda. Ni kweli bodaboda imetusaidia, mgonjwa anafika Katesh kabla hajazidiwa. Lakini bodaboda yenyewe haikuanza na pikipiki. Ilianza na vijana wa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, waliobeba watu kwenye keria yenye mto kutoka boda moja hadi boda nyingine. Jina limebaki, baiskeli imesahauliwa. Na pikipiki inakunywa. Kila mara karani wetu anapotumwa kuwaambia wakulima wa mbali kwamba siku ya kupima mbaazi imebadilika, ushirika unalipa mafuta au unalipa nauli. Simu, ndiyo, tunazo. Lakini si mnajua ni wangapi simu zao zimezimika chaji tangu juzi? Msimu uliopita wapo waliobeba magunia yao mpaka mzani wakakuta ghala limefungwa, wakayarudisha. Wengine ni wajane. Habari haikuwafikia, basi. Hilo linatuuma zaidi kuliko panya.

Hivyo basi tunapendekeza. Ile Phoenix ya pili itengenezwe kwanza, inahitaji tairi mbili, tyubu, pedali moja na grisi. Phoenix ya kwanza ichukue mnyororo na kiti kutoka kwa Swala. Swala yenyewe ifunguliwe yote, isibaki hata nati moja mahali pake, na vipuri vyake viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli: spoku, vikombe, goroli, ekseli, friweli, fimbo za breki. Fremu iliyovunjika mara mbili pale pale, hiyo tunakubali, imekwisha. Hiyo apewe mnunuzi wa chuma, na fedha yake inunue solusheni na viraka. Kwa hiyo wenzetu wa kamati wanapata nafasi yao ya ghala, na panya wanahama.

Baiskeli ya kwanza iwe ya karani na ya kupeleka habari. Ya pili tunasema iazimwe kwa zamu, kwa watoto wa wanachama wanaotembea mbali kwenda sekondari, na tunaandika wazi ili isije ikageuzwa baadaye: wasichana waanze. Bomba la juu si kisingizio. Suruali zipo, na siku hizi hakuna wa kumcheka, na akiwepo atajwe jina mkutanoni.

Fundi wetu mzee, yule wa chini ya mgunga, amekubali kufanya kazi hiyo kwa malipo ya mahindi baada ya mavuno, kwa sharti moja: apewe vijana wawili wa kukaa naye wajifunze. Alisema hivi, na tunaandika kama alivyosema: macho yake yanamtosha kwa msimu huu, msimu ujao haahidi. Anayejua kunyoosha gurudumu kwa sikio, kwa kugonga spoku na kusikiliza, ni yeye peke yake aliyebaki hapa. Akiondoka na elimu hiyo, hata tukiwa na Phoenix mia zitakuwa chuma tu. Kwa hiyo mzazi mwenye kijana asiyeogopa grisi amlete, awe wa kiume au wa kike.

Kinachokosekana kwa sasa ni hiki: pedali ya kushoto, kota pini mbili, na pampu nzima. Tunajua vipo vijijini, vimening'inia darini na kwenye mazizi, vingine vimekuwa vigingi vya kufungia mbuzi. Mwenye navyo avilete kwa mweka hazina, aandikiwe jina lake kwenye daftari. Sanduku liko chini ya dirisha la ghala, na litakuwa wazi kila asubuhi mpaka siku ya Mkutano Mkuu.